Butembo Wanakudai, Beni Wanakuuliza

Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Unaondoka Beni, mita elfu moja na ushei juu ya usawa wa bahari, jasho likikutoka katikati ya mashamba ya kakao. Unapita Kabasha na Maboya, barabara inapanda na kujikunja, na ukifika Butembo unaulizia sweta. Watu ni walewale: Wanande, au Wayira kama wengi wao wanavyopenda kuitwa, wenye lugha moja, dayosisi moja ya Kanisa Katoliki, na binamu kila upande. Kwa msafiri mwenye haraka hii ni miji miwili ya kabila moja, basi. Mimi nilikuwa na muda, na nilikuwa na swali nililotoka nalo Moshi, ambako majirani wa mtaa wetu siku hizi wanafahamiana kwa rangi za mageti. Watu hawa, ambao katika miaka kumi wamepitiwa na mauaji, Ebola na vita vya waasi wa M23, wanafanyaje hata wabaki majirani?

Nilifika Beni mwishoni mwa mwaka 2024 kwa njia ya Kasese na Kasindi. Kijana wa pikipiki aliyenibeba aliposikia Kiswahili changu aliniuliza kama ni askari. Sikushangaa. Kwa miaka mingi Watanzania walioonekana Beni walikuwa wamevaa kofia za buluu za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilivamiwa wakauawa wasiopungua 14. Mji unaikumbuka siku hiyo. Unakumbuka pia Novemba 2019, wananchi wenye hasira walipoichoma ofisi ya meya na kuivamia kambi ya MONUSCO ya Boikene, wakiuliza askari wote hawa wana kazi gani ikiwa watu wanachinjwa kila wiki. Nilikutana na mzee aliyewasifu vijana wetu na kuwalaumu hapohapo, na sikuona kigeugeu chochote katika maneno yake. Alikuwa anawazungumzia kama mtu anavyomzungumzia shemeji.

Jambo la pili walilotaka kujua ni mimi ni mtoto wa ngapi kwetu. Kwa Wanande jina linafuata mfuatano wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, msichana wa kwanza ni Masika. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakonzo wa Kasese, utaratibu ni huohuo na majina yanakaribiana. Mimi ni wa pili, kwa hiyo nilikuwa Kambale kabla sijamaliza soda yangu, na Kambale wengine wawili waliokuwapo mezani wakaamua kwamba somo yao ndiye atakayelipa. Nililipa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ndiyo namna ya kumkaribisha mgeni huku: anabebeshwa wajibu mdogo mapema, aonekane kama ataubeba.

Beni, jua likikaribia kuzama, simu zinaanza kulia. Hili ndilo nililoliandika mara nyingi kuliko yote kwenye daftari. Ukikaa Boulevard Nyamwisi saa kumi na mbili jioni utaona watu wakipiga simu fupi mno, wengine wakibipu tu na kukata. Wanaulizana kama wamefika. Tangu Oktoba 2014, yalipoanza mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF, mtu wa Beni anayekwenda shambani upande wa Mayangose, Mbau au Oicha anajua kwamba huenda asirudi, na anayebaki mjini anajua hivyo pia. Kwa hiyo shambani hawaendi mmoja mmoja. Wanaondoka pamoja, wanahesabiana, na jioni wanahesabiana tena. Mama mmoja anayeuza ndizi soko la Kilokwa alinieleza kwamba ana watu saba anaowajibika kuwabipu kila jioni, na wawili kati yao hawapendi hata kidogo. Mmoja waligombana kwa kiwanja. Ugomvi haujaisha, kesi ipo kwa chefu wa mtaa, na kila jioni anambipu.

Mimi hilo liliniingia. Kwetu ukigombana na jirani jambo la kwanza kukatika ni salamu, halafu mnangojana msibani. Huyu mama ametenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: kumpenda mtu na kuhakikisha kwamba yu hai.

Lakini nisiipambe Beni. Mji unaohesabu watu wake kila jioni unamhesabu pia asiye wake. Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa Katoliki. Siku ya Krismasi mwaka huohuo mtu alijilipua kwenye mgahawa uliojaa familia. Baada ya mambo hayo, mgeni anayepanga chumba anaangaliwa kwa macho mengine. Mwenye nyumba anataka barua ya chefu wa mtaa alikotoka; jirani anataka kujua kwa nini hana ndugu wa kumtembelea. Mara nyingi niliulizwa nimelala wapi, na sikuweza daima kupambanua kama anayeuliza ananijali au ananipeleleza. Nadhani wao wenyewe hawapambanui. Wameishi hivyo muda mrefu mno.

Butembo ni hewa nyingine, na si ya baridi tu. Hapa salamu ni fupi. Watu wanatembea haraka, na mazungumzo yakifika dakika ya tano yanaingia bei ya kitu. Wafanyabiashara wa Butembo wanafahamika Kampala, Dubai na Guangzhou. Kontena zao zinashushwa Mombasa, zinavuka Uganda na kuingilia Kasindi. Mtafiti wa Kibelgiji, Timothy Raeymaekers, alichapisha kitabu kizima kuwahusu mwaka 2014. Kilichonivuta mimi hakikuwa mali yao, ni jinsi ilivyopatikana. Katika miaka ya 1990, serikali ya Mobutu ilipokuwa inaporomoka na benki haziaminiki, wafanyabiashara walichanga fedha, mmoja akasafiri na fedha za wenzake kwenda kununua mali ya wote. Bila mahakama ya kumkamata akitoroka. Barabara zikiharibika walichangishana wakazitengeneza.

Mtu wa Moshi akisikia hivyo anatabasamu, kwa sababu nasi tunajisifu kwa biashara, migomba na ubishi. Ila maduka yetu yamebandikwa matangazo kwamba mkopo amefariki na mazishi yalikuwa jana. Karibu na Rue d'Ambiance niliingia duka la jumla la vitenge nikakaa na mwenye duka nusu ya siku, kwa ruhusa yake, nikimwangalia akifungua daftari la madeni. Mwanamke aliyetoka Lubero alileta sehemu ya deni pamoja na vitunguu. Mwingine hakuleta kitu, alikuja kusema tu kwamba wiki hii hana, akakaa, akauliza hali ya mkwe wa mwenye duka, akaondoka na vitenge vingine. Halafu nikatoa dola yangu kulipia viatu kwenye duka la jirani ikakataliwa kwa sababu ya mchaniko usiozidi punje ya mchele. Kote Kongo noti ya dola yenye kasoro hiyo haipokelewi. Noti ya Marekani haikuaminika, neno la mwanamke aliyekuja mikono mitupu liliaminika.

Nilimwuliza mwenye duka kama hawa wote ni ndugu zake. Alicheka. Alinieleza kwamba mtu usiyemdai na asiyekudai huna sababu ya kujua kama mtoto wake ni mgonjwa. Deni ndilo linalomfanya amtembelee mteja wa Lubero mara moja kwa mwaka, na akifika huko halali hotelini. Kuhusu wasiolipa alikuwa mkavu zaidi. Anayekimbia na fedha za watu Butembo hapelekwi polisi kwanza. Wanakwenda kwa baba yake, kwa paroko au mchungaji wake, kwa kaka za mke wake. Deni linagawiwa hata watu wasiolikopa. Nilimwona hapo mdogo wa mtu fulani, kijana mnyonge wa miaka ishirini hivi, anayelipa kidogo kidogo fedha ambazo kaka yake alipotea nazo Kampala. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsamehe pia.

Huo ndio udhaifu wa Butembo. Uaminifu wa namna hii unahitaji baba anayejulikana, na asiye na baba anayejulikana hapa anabaki mlangoni. Mwalimu mmoja aliyetoka Kisangani aliniambia ameishi Butembo muda wa kutosha kuoa na kuzaa, na bado analipa taslimu.

Nikiuliza uaminifu huu ulianzia wapi, wanamtaja sana Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeiongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997. Alihubiri kazi na kujitegemea, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa wakati wake, mwaka 1989. Alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu, waasi wa RCD walimzuia kuingia mjini kwake mwaka 2000, akawekwa Butembo kwa miezi kadhaa. Aliachiwa Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafariki Roma. Wazee wanaomkumbuka hawazungumzii mahubiri yake sana. Wanazungumzia barabara.

Upande wa Katwa, kando ya Butembo, nilikaribishwa kwenye kikao cha MUSO, mfuko wa mshikamano. Anayejua VICOBA vyetu atajisikia nyumbani: wanachama wamekaa duara, fedha zinahesabiwa mbele ya macho yote. Tofauti ni sanduku. MUSO ina visanduku vya rangi: cha kijani ni akiba na mikopo inayorudishwa na riba, cha buluu ni fedha zinazotoka nje ya kikundi, na chekundu ni cha msiba, ugonjwa na uzazi. Kinachotoka kwenye chekundu hakirudishwi. Kila mtu anakichangia kila kikao, kiasi sawa, mwenye nacho na asiye nacho. Nimekaa kwenye vikundi vya akiba Kilimanjaro ambako mfuko wa jamii ni jambo la mwishomwisho, unazungumzwa watu wakiwa wameshasimama. Katwa ulitangulia.

Baada ya fedha walikaa kugombana. Nasema kugombana kwa makusudi. Mwanamke mmoja alimshtaki mwenzake mbele ya wote kwamba amemsema vibaya sokoni. Ilichukua muda mrefu kuliko hesabu. Hakuna aliyewataka wakumbatiane. Waliulizwa tu kila mmoja anataka nini, ikaandikwa. Wanande wana mila ya kyaghanda, banda la wazee wa kijiji la kuotea moto na kuamulia mashauri, na jina hilo ndilo lililobebwa na chama chao cha kijamii, Kyaghanda Yira. Mjini, vijana wana namna yao. Mtaa wa Furu una bunge lao la kusimama, ambako wapita njia wanasimama kubishana kuhusu kodi, umeme, uchaguzi na usalama. Vijiwe vyetu vinafanana nalo, ila sisi tunabishana mpira kwa sababu mpira haumuudhi mtu wa maana.

Sasa Ebola. Siku za kwanza sikuiulizia, na nashukuru kwamba sikuiulizia.

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, mji mdogo wa Mangina ukiwa kitovu cha mwanzo. Ukaenda Beni, na mwanzoni mwa 2019 Butembo na Katwa ndizo zilizoungua zaidi. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Virusi vile vinaingia kwa majimaji ya mwili, maana yake vinafuata mambo ambayo jamii yoyote inayaita wema: kumwosha mgonjwa, kumbeba mtoto wa jirani, kumwandaa marehemu. Asiyemjali mtu alikuwa salama kuliko anayejali. Watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko, ndoo za maji ya klorini zikawekwa kila mlango, na maiti zikazikwa na timu zilizovaa mavazi ya plastiki.

Chanjo nayo ilihitaji urafiki kwa njia ya ajabu. Ilitolewa kwa pete: unachanjwa wewe uliyekutana na mgonjwa, kisha waliokutana nawe. Wote wanafuatiliwa siku 21. Ili pete ikamilike mgonjwa anapaswa kutaja majina. Nani alikula nawe? Nani alilala chumba kimoja nawe? Nani alikushika mkono msibani? Anayeuliza ni mgeni mwenye gari kubwa, anayelipwa kwa dola, katika mji ambao kwa miaka minne ulikuwa umezika watu wake bila kuona magari mengi hivyo. Watu wakaficha majina. Kumtaja rafiki kulionekana ni kumsaliti, wakati kumficha ndiko kulikomuua.

Halafu Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama, na rais akachaguliwa bila wao. Tarehe 30 Desemba wananchi wa Beni walijipangia kura yao ya mfano, wakipanga foleni na kunawa mikono. Waliambiwa ugonjwa unawazuia kupiga kura lakini hauwazuii kwenda sokoni na kanisani, nani angeamini? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa. Tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi kwenye kliniki za chuo kikuu, Butembo. Alikuwa katika kikao.

Hukumu yangu, na wapo watakaoipinga: Riposte, kama wenyeji walivyoiita kazi ile yote, haikukosa dawa wala fedha. Ilikosa mtu wa kuidhamini, yaani kile ambacho mwenye duka la vitenge angekitaka kabla ya kutoa hata mita moja. Mambo yalianza kulainika walipopewa nafasi wale ambao mji ulikuwa unawajua. Ndugu wa marehemu aliruhusiwa kuvaa mavazi ya kinga na kuingia na timu ya mazishi. Waliopona, wanaoitwa washindi, waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wodini, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. UNICEF ilikuwa na vituo vya namna hiyo Beni na Butembo. Mtoto aliyekuwa haguswi na mtu akapata mgongo wa kubebwa.

Mmoja wa washindi hao, wa Beni, alinisimulia kurudi kwake. Sokoni walikataa fedha zake. Wengine walimwambia aziweke chini. Mume alikuwa amekufa. MUSO yake ilikaa kikao bila yeye, kisha ikamwita. Mtunza fedha, mwanamke ambaye hawakuwa na urafiki wowote wa pekee, alipokea mchango wake kwa mkono mtupu mbele ya wote na kuandika namba yake pale ilipoishia. Hakuna hotuba. Wiki iliyofuata muuza samaki, ambaye ni mwanachama pia, alipokea noti yake kwa mkono. Kwa mwingine, ambaye si mwanachama, ilichukua mwaka.

Kilichobaki miji yote miwili ni chuki ndogo za chinichini: nani alitajwa na nani, nani alipata kazi ya Riposte akajenga, nani aliita gari la wagonjwa usiku kumchukua baba wa jirani. Butembo wanazungumza mambo haya kwa hesabu, Beni kwa kunong'ona. Sioni kwamba yamekwisha.

Nikiwa Butembo watu walikuwa wanaendelea kuingia kutoka kusini. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na familia zilipanda kuelekea Lubero na Butembo. Wengi hawakwenda kambini. Waliingia majumbani mwa watu. Nyumba niliyoalikwa chakula ilikuwa na vyumba vitatu na familia mbili, na wenyeji hawakuwa na undugu na wageni wao zaidi ya kusali kanisa moja. Nilitarajia kusikia habari za ukarimu. Mama mwenye nyumba alinieleza habari za makaa. Wiki za mwanzo walipika chungu kimoja wakakaribia kuchukiana: nani amemaliza makaa, mtoto wa nani amekula mara mbili. Wakatenganisha majiko. Sasa kila familia inapika chake, na wanapelekeana sahani. Mgeni amepewa kipande cha shamba la viazi. Mavuno wanagawana kwa kiwango walichokubaliana mbele ya mzee wa kanisa.

Nilimwuliza kama si afadhali kuishi kama ndugu. Alinijibu kwamba ndugu zake halisi wako mtaa wa pili na hawajamwazima hata sufuria.

Neno kwa atakayekwenda. Barabara ya Kasindi hadi Beni ni kilomita 80. Ulizia usalama wake asubuhi ileile unayosafiri, usitegemee habari za jana. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025 serikali ya jimbo imehamia Beni, hivyo vyumba vya kulala vimepanda bei. Beba dola mpya zisizo na mchaniko. Pata mwenyeji kabla hujavuka mpaka, maana hoteli itakupa kitanda ila haitakudhamini kwa mtu. Ukialikwa kikao cha MUSO, changia sanduku jekundu na usiombe risiti. Ukikopeshwa kitu Butembo, lipa, hata kama umesharudi kwenu. Na ukifika nyumbani piga simu Beni usiku huohuo, usingoje kesho, kwa sababu kuna mtu huko amekuweka kwenye hesabu yake na hajalala.